Jamvi la vyumba vinane

Jioni ya tarehe 25 Desemba 2000, kwenye ua wa nyumba moja ya Kiswahili hapa Chaani, tulitandika jamvi lililoanzia mlango wa ukumbi, likapita chini ya kamba za kuanikia nguo, likaishia kwenye shina la mwarobaini. Lilikuwa jipya kabisa. Hawe alikuwa amekata uzi wa mwisho adhuhuri ya siku hiyohiyo. Sufuria zilikuwa zimefunikwa, sinia zimepangwa, nasi watoto tumeketi pande mbili, mikono mapajani. Ilikuwa Krismasi. Baba yangu, Mtaita aliyelelewa kanisani, alikuwa ametoka ibadani tangu saa sita, na njaa ilimuuma kama ilivyotuuma sisi. Lakini hakuna aliyegusa tonge. Tulikuwa tukingoja adhana ya magharibi.

Mwaka ule Krismasi iliangukia ndani ya Ramadhani. Kati ya vyumba vinane vya nyumba yetu, vinne vilikuwa na watu waliofunga. Wiki mbili kabla, kina mama walikaa juu ya mbuzi zao wakikuna nazi, wakakata shauri: chakula cha Krismasi kitaliwa wakati wa futari, asiwepo wa kunusishwa pilau la mwenzake tangu asubuhi, wala asiwepo wa kula peke yake. Siku mbili tatu baadaye mwezi ulipoandama, jamvi lilelile likatandikwa tena kwa ajili ya Idd.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nimehudhuria sikukuu nyingi tangu hapo, nyingine za gharama kubwa, na hakuna hata moja iliyofika mahali pale. Kwa miaka mingi nilidhani ni utoto tu unaonidanganya. Leo najua sababu. Sikukuu ile haikununuliwa. Tuliitengeneza kwa mikono yetu, wiki baada ya wiki, katika likizo iliyoanza Novemba, na kila chumba kilikuwa na kipande chake ndani yake.

Mtaa wa waliokuja

Chaani ni wadi ya Changamwe, upande wa bara wa Mombasa. Ukitoka mjini unavuka Makupa, unaiacha njia kuu ya Nairobi, na unajikuta katikati ya kazi za watu: bandari na mitambo ya umeme ya Kipevu upande mmoja, uwanja wa ndege wa kimataifa wa Moi upande mwingine, na kati yao matangi ya kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofunguliwa miaka ya 1960 na kuacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Barabarani ni malori mchana na usiku.

Watu waliletwa hapa na kazi hizo. Kuna Wagiriama, Wadigo na Waduruma ambao kwao si mbali, kuna Wataita, Wakamba, Wajaluo, Waluhya, na Waswahili waliohama kisiwani kodi ilipowashinda. Wengi ni wapangaji. Desemba ikifika, mwenye nauli hupanda basi akaenda bara kwa wazazi wake. Asiye na nauli, na nauli za Desemba hupanda kama maji ya bamvua, hubaki na watoto wake mtaani. Sisi tulikuwa wa kubaki.

Nyumba zenyewe zilijengwa kwa namna inayojulikana pwani nzima: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua wenye ukuta, ambako kuna choo, bafu, pipa la maji, majiko na kamba za nguo. Chumbani mtu hulala tu. Maisha yako uani. Huko ndiko mboga huchambuliwa, nywele husukwa, ugomvi huamuliwa. Na shule zikifungwa, huko ndiko mtoto wa mpangaji, ambaye bibi yake mzaa mama yuko umbali wa kilomita mia tano, anapompata bibi mwingine.

Hawe na miyaa

Bibi yetu alikaa chumba cha mwisho mkono wa kushoto. Alikuwa Mgiriama kutoka upande wa Kaloleni, naye tulimwita Hawe, kama wajukuu zake wa damu walivyomwita. Kila baada ya wiki kadhaa aliletewa mzigo wa miyaa kwa matatu, yale majani ya mkoma yaliyokaushwa yakawa meupe kama mchele. Mafungu mengine aliyachemsha kwenye debe lenye rangi, zambarau au nyekundu, akayaanika juani. Kisha alikaa kivulini, miguu ameinyoosha, akasuka ukili.

Asiyejua hudhani jamvi hufumwa kama kitambaa. Sivyo. Kwanza mwaa huchanwa kwa ukucha au kwa ncha ya kisu, upana ulingane. Kisha huloweshwa kidogo, kwa sababu mkavu huvunjika na uliolowa mno husinyaa baadaye ukaacha matundu. Ndipo husukwa mshipi mmoja mwembamba, mrefu, ambao hauna mwisho ila pale msukaji anapotaka. Huo ndio ukili, nao hupimwa kwa pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa. Ukishatosha, hushonwa kwa shazia, ukingo kwa ukingo, ukizungushwa kama mtu anayejifunga kilemba, mpaka upatikane mfano wa mfuko mkubwa usio na kitako. Mfuko huo hukatwa kwa urefu, hufunguka, nalo ni jamvi. Mwisho hutiwa pindo.

Novemba ile Hawe alitutazama watoto tukizurura uani, akasema atafanya jamvi la nyumba nzima, na kila chumba kitaleta pima zake. Sijui kama alipanga tangu mwanzo au alichoshwa na kelele zetu. Asubuhi iliyofuata tulikuwa tisa mbele yake, wasichana na wavulana, kila mmoja na fungu lake la miyaa. Vidole viliuma. Ukili wangu ulikwenda mshazari kama kaa. Nilipoulalamikia, aliushika, akauvuta, akauinua juani ili nione mwanga ukipenya.

"Kaza, mwanangu. Ukili mlegevu hupitisha mchanga."

Hakunifumulia. Aliniachia nifumue mwenyewe. Ilinichukua siku nne kupata pima moja aliyoikubali, na nilipoipata alisema "haya" tu, akaifunga kwenye bunda. Sijawahi kupewa alama shuleni iliyonifurahisha kama "haya" ile.

Jioni kina mama nao walichukua miyaa. Mama wa Kijaluo wa chumba cha tatu, aliyekuwa hajapata kushika mwaa maishani mwake, alisuka haraka kutuzidi sote kwa sababu mkono wake ulizoea kusuka nywele. Mama mwenye nyumba, Mswahili mtu wa mji, alijua mtindo wa kuchanganya rangi ukatokea mfululizo wa pembe tatu. Jamvi lilipokamilika ungeweza kulisoma: hapa chumba cha pili, hapa palipokazwa sana ni baba mmoja aliyejifunza usiku bila kutaka kuonekana, hapa pekundu ni mama mwenye nyumba, na hapa palipolegea kidogo ni mimi.

Lori la kaka yangu

Kaka yangu alisuka pima zake mbili akatoroka, kwa kuwa alikuwa na lori la kutengeneza. Watoto wengi duniani hutengeneza magari ya waya. Wa Chaani hutengeneza lori lenye trela, kwa sababu hilo ndilo wanaloliona likipita kutwa. Fremu ilikuwa ya waya laini wa kufungia nondo, uliookotwa kwenye majengo. Magurudumu yalikatwa kwa wembe kutoka kwenye champali zilizokwisha, mviringo ukapimwa kwa kizibo cha soda. Kontena lilikuwa pakiti ya maziwa, ubavuni limeandikwa Maersk kwa kalamu ya wino, herufi zimenakiliwa barabarani moja moja. Usukani ulikuwa waya mrefu uliotoka kwenye ekseli ya mbele hadi kifuani, ili dereva atembee wima huku akikata kona.

Kazi ngumu ilikuwa kiungo cha trela. Ukikifunga kwa kukaza, lori halipindi. Ukikilegeza, trela linapinduka kwenye kona. Kaka yangu alikivunja mara nyingi, akaenda kusimama kando ya barabara kutazama malori yanavyogeuka, akarudi akakiunda upya. Hakuna aliyemwambia kwamba alichokuwa akijifunza kina jina darasani. Leo ni fundi wa mitambo, na akizungumza kuhusu kazi yake hutaja trela lile kabla ya kutaja chuo.

Mchezo wa watoto hufuata mtaa. Reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017 na kituo chake kikawa Miritini, karibu nasi, nilianza kuona uani treni za mikebe ya samaki zilizofungwa kwa waya, behewa baada ya behewa. Mtoto alikuwa ameona mizigo ikihamia mahali pengine, naye akahama nayo.

Na kazi ya champali zilizokwisha haikuishia Chaani. Kule Lamu, fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake walikusanya takataka za plastiki kama tani 10, wakaziyeyusha wakatengeneza mbao, wakajenga jahazi dogo la mita 9 na kulivika ubavuni vipande vya champali kama 30,000. Walilipa jina Flipflopi. Lilizinduliwa Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kama kilomita 500 hadi Unguja. Dunia ilishangaa kwamba champali iliyokwisha inaweza kuwa chombo. Mtoto yeyote wa Changamwe aliyewahi kushika wembe alilijua hilo.

Upepo na karatasi

Vishada vilikuwa na msimu wake. Kishada kinataka kusi, upepo ule wenye nguvu wa katikati ya mwaka, kwa hiyo likizo ya Agosti ndiyo ilikuwa yake. Desemba ni kaskazi: jua kali, bahari imetulia, maembe yameiva. Hata hivyo palikuwa na alasiri ambazo kaskazi ilijitahidi, na hapo ungewaona wavulana juu ya kifusi.

Njiti tatu za fagio la chelewa hufungwa katikati zikawa nyota. Uzi huzungushwa kwenye ncha, karatasi hubandikwa juu yake kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa ukawa mzito, na mkia hutengenezwa kwa vitambaa vilivyokatwa kutoka kwenye leso kuukuu. Mkia ukiwa mfupi kishada huzunguka kichaa, ukiwa mrefu hakipandi. Kwa kuwa ndege hupita chini juu ya mabati yetu zikitafuta uwanja, wazee walitukataza kuachia uzi mrefu, na hilo halikuwa na mjadala.

Zamani tulitumia juala, yaani mfuko wa plastiki. Lilikuwa jepesi, halikuloa, na lilikuwa kila mahali, hata kwenye mitaro iliyoziba ikafurisha mtaa. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na watoto wakapoteza kwa siku moja karatasi ya vishada pamoja na matumbo ya mipira yao ya kufungwa kwa kamba. Nilidhani vishada vimekwisha. Havikwisha. Mtoto mmoja aligundua kwamba mfuko wa saruji una matabaka kadhaa ya karatasi, na lile la kati ni safi na gumu. Sasa vishada vya Chaani ni vya rangi ya kaki. Mipira imejazwa vitambaa vya mitumba. Mitaro imepumua kidogo, na mkono umepata njia nyingine.

Umau na mti wa uani

Mwarobaini wa ua wetu ulikuwa na mlinzi wake, mzee wa Kikamba aliyekaa chumba cha kwanza. Tulimwita Umau, babu kwa Kikamba. Alikuwa mchongaji katika chama cha ushirika cha Akamba Handicraft, kilichoanzishwa mwaka 1963, ambacho kiko hapa Changamwe, kwenye barabara ya kuelekea uwanja wa ndege. Huko mamia ya wachongaji huketi vibandani, tezo mkononi, wakitoa twiga, vifaru, sahani na vijiko vya saladi kwenye magogo.

Umau alipenda kutueleza kwamba kazi ile haikuwa ya Wakamba tangu asili. Inasimuliwa kuwa Mutisya Munge wa Wamunyu, kule Ukambani, alipelekwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akawaona mafundi wa huko wakichonga, akajifunza kwao, na aliporudi nyumbani akawafundisha watu wake. Ujuzi unaojulikana leo dunia nzima kuwa ni wa Wamunyu ulianza kwa mtu aliyekaa karibu na mgeni akatazama mikono yake. Nilipokuwa mdogo nilisikia hadithi ya safari tu. Sasa naona kuwa Umau alikuwa akituelezea ua wetu.

Alituonya pia kuhusu mti. Miaka mingi wachongaji walikata mpingo na mhugu, miti inayokua polepole sana, mpaka misitu ya pwani ikaonyesha mifupa. Kuanzia miaka ya 1990 wengi waligeukia mwarobaini na mwembe, miti inayokua upesi na kupatikana mashambani mwa watu. Kwa hiyo tawi la mwarobaini wetu lilipokatwa ili lisiangukie mabati, halikwenda jikoni. Umau alilianika, akalikata vipande, akatuchongea kila mtoto ndege. Ndege wa Umau walikuwa nusu tu. Mabawa yalionekana, mdomo ulionekana, lakini uso wote ulikuwa na kovu za tezo. Kulainisha ilikuwa kazi yetu.

Msasa mkali kwanza, kisha wa kati, kisha laini, kisha kitambaa na rangi ya viatu. Mtoto mwenye haraka alirukia msasa laini, na rangi ilipopakwa kila mkwaruzo ulijitokeza. Umau alimrudishia ndege wake bila neno. Ndege hao ndio tuliowatundika Krismasi.

Siku yenyewe

Walitundikwa kwenye tawi la mvinje. Watu wa bara wana miti yao. Pwani, mti wa Krismasi ni mvinje, mti uleule ambao kuanzia mwaka 1971 René Haller aliupanda kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, ukakubali kuota juu ya mwamba mtupu. Tulilisimamisha kwenye ndoo ya mchanga, tukalipamba kwa pamba, karatasi za peremende na ndege wa mwarobaini. Kwa kuwa 2000 ulikuwa mwaka wa ukame, mabwawa ya Mto Tana yakapungua na nchi nzima ikapewa umeme kwa zamu, kila mtoto alikuwa amekwisha jifunza kutengeneza koroboi kwa mkebe na utambi wa kitambaa. Nazo tulizipanga juu ya ukuta, mbali na mikono ya wadogo.

Adhana ikaadhiniwa. Waliofunga wakaonja tende na maji, nasi tukangoja waliokwenda kuswali warudi. Kisha vifuniko vikaondolewa. Pilau la mama mwenye nyumba, samaki wa kupaka, chapati za mama yangu, mbaazi za nazi, kaimati, na embe mbichi zilizokatwa zikatiwa pilipili na chumvi. Baba aliomba kwa sauti, mume wa mama mwenye nyumba akaitikia amina. Tulikula sinia kwa sinia, watoto wa vyumba vyote wamechanganywa makusudi.

Idd ilipoingia, sikukuu mosi asubuhi, sisi watoto wa Kikristo tulivaa zile nguo zetu za Krismasi tukazunguka na wenzetu nyumba kwa nyumba kupokea mkono wa Idd. Hakuna aliyetuuliza dini. Hina tulipakwa pamoja usiku wake. Sikukuu pili tulipelekwa mjini Makadara kwenye bembea, msafara wa watoto kumi na wanne ukiongozwa na Hawe, ambaye hakuwa na sikukuu yake hata moja kati ya hizo mbili, kwani alifuata mila za wazee wake. Alitushika mikono tukavuka barabara, kama mtu ambaye sikukuu zote mbili zilikuwa zake.

Ua unaondoka

Nilirudi kuitazama nyumba ile. Imebomolewa. Mahali pake pana gorofa la ghorofa tano. Simlaumu aliyejenga. Watu wameongezeka, ardhi haijaongezeka, na gorofa lina maji ndani na choo cha kila nyumba, mambo ambayo mama yangu angeyashukuru. Lakini ujenzi wa namna hiyo hula ua wote, kutoka ukuta hadi ukuta. Mtoto anatoka mlangoni anaingia ngazini, anatoka ngazini anaingia barabarani kwenye malori. Basi anabaki ndani, na ndani kuna simu.

Hapo tunamtafutia mtoto shughuli kwa njia nyingine. Wapo wanaompeleka masomo ya ziada, ingawa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 37, inakataza masomo ya likizo. Wapo wanaongoja shule ifundishe kazi za mikono, kwani mtaala wa umilisi (CBC), uliosambazwa shuleni kuanzia 2019, unadai watoto wasuke, wafinyange na waunde. Walimu wako sahihi kulitaka hilo. Lakini sote tumeona kinachotokea usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha: mzazi anakimbilia duka la kuchapisha picha, au anainunua kazi imekwisha tengenezwa, mtoto anaibeba na kupewa alama. Mkono haujifunzi kwa picha. Unajifunza kwa kukaa karibu na mtu anayeifanya kazi ile, siku baada ya siku, anayeweza kukuonyesha mwanga ukipenya kwenye ukili wako na kukuacha ufumue mwenyewe.

Watu hao bado wapo. Mkamba wa kuchonga yuko barabara ya uwanja wa ndege. Mama wa kusuka ukili yuko ghorofa ya tatu, hana pa kunyoosha miguu. Kilichopungua ni mahali na muda. Kwa hiyo nina maombi matatu, na nayatoa kwa moyo wote. Wenye magorofa: fungueni paa. Jengeni ukingo wa kumfika mtu mzima kifuani, wekeni kivuli cha makuti, na mtakuwa mmerudisha ua juu ya mabati ya jirani. Makanisa na madrasa: uwanja ulio wazi Ijumaa na Jumapili unaweza kufunguliwa Jumanne asubuhi mwezi wa likizo, mzee mmoja na bunda la miyaa wakatosha. Wazazi: mwacheni mtoto akosee. Lori linalopinduka kwenye kona halihitaji kununuliwa jingine.

Mwezi unarudi

Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama kumi na moja kuliko huu wa kalenda ya ukutani, kwa hiyo Idd hurudi nyuma kila mwaka, na baada ya miaka thelathini na tatu hivi hukaribia pale ilipokuwa. Nimehesabu. Mwaka 2033, mwezi ukipenda, Idd itakuwa tarehe 23 Desemba au karibu na hapo. Safari hii Idd itatangulia, na Krismasi itafuata ndani ya siku mbili.

Hawe alifariki zamani, na jamvi lilichakaa. Mama yangu alikata kipande kilichosalia, akakiweka chini ya mtungi, nami nimekirithi. Ni sehemu yenye pembe tatu nyekundu, na kando yake ukili uliolegea kidogo, ambao naujua ni wa nani.

Likizo ya 2025 nilikwenda Kaloleni nikarudi na mzigo wa miyaa. Mwenye gorofa letu alikubali tutumie paa asubuhi, kabla ya watu kuanika nguo. Tulianza wawili, mimi na binti yangu wa miaka minane. Siku ya tatu walikuja watoto wa ghorofa ya pili, Mjaluo na Mdigo, wakasimama wakitazama. Siku ya tano mama mmoja kutoka juu, ambaye tulikuwa tukisalimiana ngazini tu, aliketi bila kualikwa, akachukua mwaa, akauchana kwa ukucha. Vidole vyake vilijua.

Binti yangu aliniuliza jamvi hili linatakiwa lini. Nikamwambia 2033. Alihesabu kwa vidole, akaona atakuwa na miaka kumi na sita, akacheka kwamba atakuwa mtu mzima. Kisha aliinua ukili wake juani, akautazama kwa jicho moja, na kabla sijafungua mdomo akaanza kuufumua.